Wikiendi ya bata Dar na washkaji: hela kwanza, stori baadaye

Tangu treni ya umeme ianze kupiga ruti za Dodoma–Dar mwaka 2024 kila kundi la washkaji hapa Dom lina ile stori yake ya "jamani lini tunashuka Dar", na stori nyingi zinafia kwenye grupu la WhatsApp, watu wanatupia stika wiki mbili halafu kimya. Zamani tulikuwa na kisingizio, basi lilikuwa linakula siku nzima na likishakushusha stendi ya Mbezi Luis bado una safari nyingine ya kuingia mjini. Saa hizi ni masaa matatu na kitu, unatoka ofisini Ijumaa, usiku huohuo uko Dar unatafuta chipsi. Kisingizio hakuna tena, kinachoua safari sasa hivi ni mipango ya mdomo.

Kwenye kundi letu mimi ndo huwa naachiwa kupanga, sijui nani alinichagua ila ndo hivyo, kwa hiyo haya ninayosema yametokana na kusumbuana na watu ninaowapenda kuhusu hela.

Sheria yangu ni moja tu: kitu ambacho hakijalipiwa hakipo kwenye ratiba. Mtu akisema "mimi nipo" bila kutuma hela, huyo bado hayupo, msimhesabie kitanda. Sisi Watanzania mchango wa harusi tunaujua vizuri, kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna tarehe ya mwisho na kuna yule wa kupiga simu za kukumbusha, sasa sielewi kwa nini likija suala la kula bata sisi wenyewe kila kitu kinakuwa "tutaonana hukohuko". Fanyeni kama harusi. Mtu mmoja apokee hela, na asiwe mtu mpole, mtu mpole atawaonea huruma mpaka siku ya safari. Weka tarehe, labda wiki mbili kabla, ikipita hiyo tiketi zinakatwa kwa waliolipa na wengine wanatakiwa heri. Mara ya kwanza watu watanuna, mara ya pili wanatuma hela wenyewe hata hujamaliza kuandika.

Na tiketi ndo kitu cha kwanza kabisa kukatwa, kabla ya nyumba, kabla ya kitu chochote. Nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa 31,000 na ya haraka 40,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hesabu 62,000 kwenda juu, cheki kwenye mfumo wa TRC, shirika la reli, siku unayokata maana bei zinaweza kubadilika. Ijumaa jioni kushuka na Jumapili jioni kupanda ndo zinawahi kujaa, watumishi wote wa Dodoma wenye familia Dar wanazitaka hizohizo. Wakati wa kukusanya majina mwambie kila mtu aandike jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana kwenye grupu wote tunajuana kwa Chidi, Mamuu na Bonge na mfumo hauna habari na Bonge. Na mtu wa kuchelewa mumwambie treni inaondoka nusu saa kabla ya muda wake halisi, sio dhambi hiyo, treni sio basi la kumsubirisha dereva kwa kumpa buku mbili.

Sasa idadi. Mimi napenda watu wanne au wanane, na sababu yake ni usafiri. Gari la Bolt linabeba wanne, bajaji inabeba watatu, kwa hiyo nane ni gari mbili safi, tisa tayari mnaita gari la tatu kwa ajili ya mtu mmoja na huyo mmoja ndo yule simu yake ina asilimia 4. Mkiwa saba kodini Noah na dereva wake kwa siku nzima ya Jumamosi, mkigawana inakuja karibu sawa na kuita gari kila saa, na dereva anayejua jiji anawaokoa kwenye foleni njia ambazo ramani ya kwenye simu haizijui. Ila mkubaliane naye kabla: mafuta ni ya nani, anakaa nanyi mpaka saa ngapi, na chakula chake ni juu yenu. Mkiwa kumi na kitu hiyo sio wikiendi tena, hiyo ni kongamano.

Kuhusu kulala, vijana wengi wanakimbilia Masaki kwa sababu ya picha. Sipingi, ila bei yake ni ya Masaki na ukitoka usiku na njaa chakula chake pia ni cha Masaki. Mimi naona Kijitonyama, Mikocheni au Sinza ndo kati kwa kati, na Sinza chakula hakilali, saa nane usiku unapata mishkaki na ndizi bila kumbembeleza mtu. Chukueni nyumba nzima badala ya vyumba vya lodge, mnapata jiko, sebule ya kukaa mkipiga stori, na mkigawana inakuwa nafuu. Kuna maswali ambayo watu hawaulizi kwa mwenye nyumba. Maji yapo kwenye tenki au yanategemea bomba la siku hiyo? Geti linafungwa saa ngapi na mlinzi anajua kwamba mnakuja? Halafu LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, LUKU, LUKU. Watu wa Dom wakishuka Dar na lile joto wanawasha AC vyumba vyote kuanzia Ijumaa, unit zinayeyuka, saa tisa usiku giza, mwenye nyumba simu haipokelewi. Omba namba ya mita mapema, itupie kwenye grupu na ui-pin juu kabisa, umeme ukikata mtu yeyote ananunua kwa simu akiwa palepale kitandani, anaingiza zile tarakimu ishirini, mnaendelea kulala. Ni kitu kidogo lakini nimeona marafiki wakinuniana asubuhi nzima kwa ajili ya unit za elfu kumi.

Tuje kwenye ratiba yenyewe, hapa ndo wapangaji wengi wanaharibu. Mtu anaandika Jumamosi: Kariakoo asubuhi, Kigamboni mchana, Mbudya saa tisa, Coco jioni, halafu kiwanja Mbezi. Ndugu yangu, hiyo sio ratiba, hiyo ni ziara ya mheshimiwa mwenye king'ora. Dar siku moja ni upande mmoja wa jiji, basi. Chagua upande, malizia hukohuko.

Mfano Jumamosi nendeni upande wa Kunduchi, mvuke kwenda Mbudya. Boti zinatokea pale ufukweni, ni mwendo mfupi tu, na kisiwa kiko kwenye hifadhi ya bahari kwa hiyo kuna kiingilio tofauti na hela ya boti, wengine wakisikia wanadhani wanapigwa, hamna, hiyo ni halali. Nendeni mapema, saa tatu muwe ufukweni. Mkishuka tu kisiwani kabla hata mtu hajavua shati agizeni samaki, maana anakaangwa kwa zamu na wikiendi foleni ya jiko ni ndefu, ukisema uogelee kwanza njaa ikuume ndo uagize utakula saa kumi. Anakuja mzima na chipsi, ndimu na pilipili pembeni, mnakula kwa mikono miguu ikiwa kwenye mchanga, na ngisi kama wapo msiwaache. Bebeni keshi, maji ya kutosha, na mfuko wa kurudisha uchafu wenu. Muda wa kurudi mkubaliane na nahodha kwa sauti, mchukue na namba yake. Kama upepo ni mkali na mtu wa boti anasitasita, msimshawishi. Jioni mkitoka huko mnabaki upandeupande huo, Mbezi Beach au Mikocheni, mnaoga, mnatoka.

Usiku sipangi sana. Naweka sehemu moja ya kuanzia na ya kula tu, baada ya hapo kundi litajipeleka lenyewe. Wa singeli wataenda singeli, wale wenye roho za kizee kama mimi wanauliza bendi za dansi, Msondo au Sikinde, wanapiga wapi wikiendi hiyo, na uzuri wa dansi ni kwamba mnaweza kucheza na bado mkaongea. Kuuliza ni muhimu, bendi zinahama kumbi. Kwenye nyama piga simu kabla, agiza kilo zenu mkiwa njiani, maana choma ikianza kuchomwa mkiwa mmeshakaa, saa nzima mnakunywa tumbo likiwa tupu na hapo ndo mambo yanapoharibikia.

Bili sasa. Bia zisiingie kwenye kapu. Nirudie, bia zisiingie kwenye kapu la pamoja. Kapu ni la nyumba, gari, boti, kiingilio na chakula cha wote. Kwenye kila kundi kuna asiyekunywa kabisa, kuna wa soda mbili na kuna yule bwana, na ukigawanya sawa kwa sawa yule wa soda anakaa kimya usiku ule halafu safari ijayo anakwambia ana msiba. Kila mtu alipe kinywaji chake, au wanywaji watengeneze kapu lao. Na chupa tupu zibaki mezani mpaka bili ilipwe, mhudumu akitaka kuzisafisha mwambie kwa upole aziache, mnahesabu pamoja naye na ugomvi unaishia hapo. Vivyo hivyo kwenye nyama, kama kuna asiyekula kitimoto asilaumiwe, agizeni na kuku tangu mwanzo, sahani tofauti.

Kurudi usiku hakuna mtu anarudi peke yake, hasa kina dada, wawili wawili kwa uchache, na namba ya gari inatumwa kwenye grupu. Usiongee na simu barabarani wala kuinyoosha nje ya bajaji, Dar ina wajuzi wa kukwapua.

Jumapili mimi naiweka upande wa mjini, kwa sababu stesheni iko hukohuko. Wa kusali wanasali, wa kulala wanalala, mizigo inafungwa kabla ya kutoka maana hakuna anayependa kurudi Sinza kufuata begi. Halafu Feri. Ile soko la samaki pale Kivukoni asubuhi ni tamasha la bure, mnada unapigwa kwa sauti ya juu, mnanunua wenu, anapaliwa magamba hapohapo kwa hela ndogo, mnampelekea mkaangaji, mnakula. Vaeni viatu vya kukanyaga maji, sio zile raba nyeupe. Mkitaka upepo pandeni kivuko kwenda Kigamboni na kurudi, ni 200 kwa kichwa kwenda, ile dakika chache mnaliona jiji lote la ghorofa kutoka majini. Mchana katizeni daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach kwa mihogo, ile ya kukaanga yenye chumvi na pilipili ya kukutoa jasho, na dafu. Coco ya Jumapili jioni ndo Coco yenyewe, watu kama wote, lakini magari nayo kama yote, kwa hiyo kama treni yenu ni ya jioni ondokeni jua likiwa bado juu. Kariakoo sijaiweka makusudi. Mtu akiingia Kariakoo "kuangalia viatu tu" mmempoteza, huyo aende peke yake na mkutane stesheni.

Wikiendi gani ya kuchagua? Mwisho wa mwezi kila mtu ana hela, ndo maana kila sehemu imejaa. Wiki ya kwanza ya mwezi hela bado zipo na viti vipo. Aprili mimi siendi, masika yakikaza Jangwani inajaa maji na jiji linakatika vipande viwili. Na msifunge safari kwa ajili ya dabi ya Simba na Yanga peke yake, Machi 8, 2025 watu walikuwa wameshaingia mjini na jezi zao na mechi ikaahirishwa siku ileile, ikaja kuchezwa Juni 25. Mpira uwe nyongeza, kukiwa na mechi poa, kusipokuwa na mechi mihogo ipo palepale.

Mkiwa kwenye treni ya kurudi, kabla hamjafika Morogoro, mtunza hela atupie hesabu kwenye grupu, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na picha za risiti. Asisubiri Jumatatu, Jumatatu kila mtu anarudi kuwa mtumishi na hakuna atakayesoma. Kikibaki kidogo msigawane mia nane mia nane, nunueni maji na karanga humohumo ndani ya treni, na yule aliyekuwa analala chumba kisichokuwa na AC apewe kiti cha dirishani.