Fandesheni kugeuka kijivu usoni

Habari dada. Unasema dukani fandesheni ilifanana kabisa na mkono wako, lakini ukitoka nje uso unaonekana kama umepakwa majivu. Yalinikuta hayo hayo, na yalinikosesha raha kweli.

Mkono ndio unaokudanganya. Paka mstari kwenye taya ushuke hadi shingoni, toka nje penye mwanga wa mchana, usubiri kama dakika 15, maana fandesheni nyingine hubadilika rangi zikikauka. Mstari ukipotea, hiyo ndiyo yako. Ukibaki wa kijivu, usikimbilie iliyokolea zaidi. Tafuta yenye unjano au wekundu ndani yake. Mimi niliacha zenye uwaridi nikachukua ya dhahabu, weusi ule ule, majivu yakaisha.

Kagua poda yako pia! Ile nyeupe huharibu hata fandesheni sahihi kwenye ngozi nyeusi.