Kabla hujabadilisha pikapu za gita lako la semiholo

Mtu akiniuliza aweke pikapu gani (kile kifaa cha sumaku na koili kinachonasa mtetemo wa nyuzi) kwenye semiholo yake, yaani gita la umeme lenye mwili ulio wazi ndani kwa sehemu, mimi humuuliza kwanza: unapiga muziki gani, na unapigia wapi? Anayepiga jazi kwenye ukumbi mdogo hawezi kupewa ushauri mmoja na anayepiga solo kwenye bendi ya dansi, huku tarumbeta ziko pembeni na spika ya mwimbaji inamwelekea. Mimi niko kwenye bendi, kwa hiyo haya nayasema kwa jicho la huko.

Gita langu ni nakala ya bei nafuu ya umbo ambalo Gibson, watengenezaji wa magita, walilitoa mwaka 1958 kwa jina la ES-335: mwili mpana na mwembamba, matobo mawili ya herufi f, na katikati gogo la mbao linaloanzia shingoni hadi mkiani. Gogo hilo ndilo linalolizuia gita lisipige mluzi ovyo sauti ikipanda, pale sauti ya spika inaporudi kulitetemesha gita. Gita la Epiphone Casino ukiliona kwa mbali utadhani ni lilelile, lakini ndani halina gogo, ni wazi kabisa. Mulika tochi ya simu kwenye tobo ujue lako ni lipi, maana jibu hilo litaamua mengi. Mpiga gita wa bluzi B.B. King alilimaliza suala la mluzi kwa njia nyingine: gita lenye jina lake la Lucille, lililoanza kuuzwa na Gibson mwaka 1980, halina matobo kabisa.

Pikapu zilizokuja na gita langu zilikuwa na nguvu nyingi kuliko akili. Besi inavimba, na solo ya juu kwenye chemko (sehemu ya kasi ya wimbo) inasikika kama imefunikwa blanketi. Lakini kabla ya kutoa pesa, shika bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na pikapu: karibu milimita 2.4 kwa pikapu ya shingoni na 1.6 kwa ya darajani (iliyo karibu na daraja linaloshika nyuzi mwilini) ni mahali pazuri pa kuanzia. Ya shingoni ishushe zaidi kama inanguruma, halafu pandisha skrubu za nyuzi nyembamba. Angalia pia poti za volumu, yaani vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, kwa kawaida hufungiwa poti za kiloohm 500. Ukikuta 250 au 300, ung'avu mwingi unapotelea hapo, na poti mpya ni rahisi mno kuliko pikapu. Wapo waliofanya haya mawili wakaacha kabisa wazo la kununua.

Kama bado hujaridhika, ushauri wangu ni mmoja: nunua pikapu yenye nguvu ya wastani. Najua vijana wanapenda zile kali. Ila kali zilitengenezwa kwa kazi yake, kama pikapu ya Super Distortion ya kampuni ya DiMarzio ya miaka ya 1970, iliyokusudiwa kuisukuma amplifaya ya valvu mpaka ikoroge. Ukiifunga kwenye semiholo, ile hewa ya mbao uliyoilipia huisikii tena, na nyuzi mbili zikipigwa pamoja zinagandana. Tafuta zinazofuata mfano wa hambaka za kwanza za Gibson za 1957, ubunifu wa Seth Lover, ambazo watu huziita PAF. Zile zilikuwa na ukinzani wa kiloohm 7 hadi 9 hivi. Namba hiyo isikulevye, kwa sababu waya mwembamba zaidi hutoa kiloohm nyingi hata kama nguvu haijaongezeka. Linganisha namba za pikapu zilizozungushiwa waya wa unene uleule tu.

Sumaku nazo zina lao. Alniko ni aina ya sumaku ya pikapu. Alniko 2 ni laini, besi yake imelegea kidogo. Alniko 5 inabana besi na kung'arisha juu. Mimi nimeweka 2 darajani ili isikwaruze na 5 shingoni ili isivimbe. Wengi hufanya kinyume. Sijali, sikio ndilo linaloamua.

Suala la nta usilipuuze. Hambaka za zamani hazikuzamishwa kwenye nta, na wapenzi wa sauti ya kale wanazitaka hivyohivyo. Ni tamu kweli, lakini kwa bendi inayopiga kwa sauti kubwa koili hutetema na pikapu inageuka maikrofoni. Kwenye mwili wenye tundu hatari ni maradufu. Nunua zilizozamishwa, usibishane.

Ukichanganya pikapu za watengenezaji wawili, swichi ikiwa katikati sauti inaweza kutoka nyembamba, ya puani. Hapo fezi zimepingana, yaani mawimbi ya pikapu mbili yanafutana. Pikapu ya waya nne inatibika kwa kubadilishana waya. Yenye waya mmoja uliofunikwa kwa wavu wa chuma haikubali hilo, kwa sababu wavu ndio ethi (waya wa ardhi), na ukiugeuza mfuniko wa chuma utaunguruma kila ukiugusa. Dawa yake ni kuigeuza sumaku. Ndiyo maana nasisitiza waya nne.

Kazi ya ndani ndiyo inayowatoa mafundi jasho. Magita mengi ya aina hii hayana mlango nyuma. Poti, swichi na jeki vyote hupita kwenye tobo la f. Kabla ya kung'oa chochote, funga uzi imara kwenye ncha ya kila poti, kisha vuta poti taratibu kupitia tobo la f, uzi ubaki umetokeza kwenye tundu la poti. Wakati wa kurudisha, uzi huo ndio unaoiongoza poti kwenye tundu lake. Chora nafasi za matundu kwenye kipande cha boksi, toboa, panga poti humo na ulehemu kila kitu nje ya gita. Fundi redio wa mtaani anaiweza kazi hii vizuri, mradi ukae naye na umkataze kuingiza risasi ya kulehemu yenye moto ndani ya tobo. Vikiwa bado mezani, chomeka kwenye amplifaya na ugonge kila pikapu kwa bisibisi. Isiyolia uijue sasa, si baada ya kurudisha kila kitu ndani.

Na zile za zamani ziweke kwenye mfuko na skrubu zake. Siku ukiuza gita, mnunuzi atakuulizia.