Kona ya Maswali: Mwalimu, watoto wote 68 hawawezi kuwa madaktari

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni mahafali. Kidato cha nne wanaaga, huku Ziwa Victoria kila wiki kuna maturubai na keki, na safari hii kumbe watu mna shida na vijitabu, vile vya picha na maelezo ya kila mhitimu. Nimechukua maswali matano, la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu limenigusa, mengine mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya kata huku Ukerewe. Mkuu wetu aliona kwenye intaneti gazeti la mji mdogo huko Marekani limewaandika wanafunzi wote wanaomaliza sekondari, picha, wazazi, michezo aliyocheza na chuo anachoenda, akapenda, akasema na sisi tufanye, na kazi nikapewa mimi maana ndo mdogo ofisini. Wahitimu wapo 68. Nimewagawia karatasi wajaze zimerudi, daktari 31, injinia 12, rubani 9, waliobaki wamegawana unesi, ujeshi na ufanyabiashara mkubwa. Hobi zao wote ni kusoma na kusali. Nikiandika hivi kijitabu kizima kitakuwa mtu mmoja mara 68. Nina wiki tatu. Nifanyeje? — Mwalimu mdogo, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwalimu. Hapo kwenye hobi nimecheka mpaka chai imenipalia, maana mi bado ninayo otografu yangu ya kidato cha nne, lile daftari tulilokuwa tunazungushiana mtu ajaze jina, chakula anachopenda na neno la kuagana, na humo ndani watu arobaini na kitu hobi yao ni kusikiliza redio na kubadilishana mawazo. Wote! Nikiisoma leo simkumbuki mtu hata mmoja kwa hayo majibu, namkumbuka yule mmoja tu aliyeandika kwamba hatanisamehe ile ndoo yake niliyoipasua kisimani.

Sasa tuje kwenye kazi. Hao wa Marekani mkuu wako aliowaona wanahitimu mwezi wa tano au wa sita, masomo yameisha na wengi wao chuo wanachoenda wanakijua. Sisi je? Mahafali tunafanya mwezi wa tisa na wa kumi, mtihani wa taifa Novemba, mkeka wa matokeo unatoka Januari. Yani unamuaga mtoto, unamlisha keki, unampa na cheti, wakati kile kilichomleta shule hajakifanya bado. Ndo maana hicho kipengele cha "anaenda wapi" kwetu ni shimo, na shimo hilo watoto wanalijaza udaktari kwa sababu we umewauliza kitu ambacho hakuna mtu anakijua, hata Nekta wenyewe, hao wa baraza la mitihani. Kifute. Uliza miaka minne iliyopita, hiyo ipo, imeshatokea na hakuna wa kuifelisha.

Alafu karatasi za kujaza achana nazo. Kaa nao. Dakika kumi kumi, watano kwa siku, wiki tatu za shule unawamaliza na siku moja ya ziada inabaki kwa wale watoro. Na usimuulize ndoto yako nini, muulize asubuhi unapita njia gani kuja shule, muulize hapa shuleni kitu gani kikiharibika wanakuita wewe, muulize nani anakudai. Hilo la kudaiwa usilidharau, litakupa hadithi mpaka uombe poo. Akikujibu "kawaida tu mwalimu" nenda kamuulize mpishi, nenda kwa mlinzi, nenda kwa yule mama wa maandazi getini, hao wanawajua hao watoto kuliko ofisi nzima ya walimu.

Nakupa mfano. Niliwahi kusaidia shule moja ya huku pwani ya ziwa kazi kama hiyo, kulikuwa na kijana mwalimu wake wa hesabu ameshamwandika mvivu, analala darasani. Tukakaa na daftari la mahudhurio, kumbe usingizi wake una ratiba. Wiki mbili analala, wiki nyingine yuko macho anajibu maswali. Mtu wa mjini hawezi kuelewa lakini we uko Ukerewe umeshaelewa, ni mwezi! Kipindi cha giza wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, mitumbwi inarudi alfajiri, na huyu anaishi na mjomba wake kambini, saa kumi usiku yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia dagaa, anasaidia kupokea na kuanika kabla ya kuja shule. Mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na yeye analala. Nani angelijua hilo kwa karatasi ya "hobi yangu ni"? Tulimuuliza kwanza kama anataka hilo liandikwe kwenye wasifu wake, akafikiria siku mbili akasema sawa ila msimtaje mjomba. Tukaandika hivi:

"Ukitaka kujua kama usiku wa leo ziwani kuna mitumbwi, mwangalie kipindi cha kwanza. Amekosa swali namba nne la jaribio moja mara tatu na mara ya nne alimfundisha mwenzake. Ndiye aliyegundua kuwa bomba la tangi linavuja kwa ndani. Anadaiwa kalamu mbili na kaka mkuu."

Hayo tu. Sentensi nne. Mwalimu wa hesabu aliisoma kimya kimya akatoka nje.

Wengine walikuwa rahisi zaidi, kama msichana aliyekuwa anagonga kengele, na kengele yenyewe ni ringi ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, miaka miwili hajawahi kuchelewesha kipindi na hana saa, alikuwa anaangalia kivuli cha jengo la maabara kilipofika. Au yule wa upande wa Busisi ambaye ada ndogondogo zake zote, madaftari, viatu, zilitoka kwenye mayai ya kuchemsha aliyokuwa anauza foleni ya pantoni, alafu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 watu wanapita dakika chache, foleni hamna tena na mayai hamna wa kumuuzia. Watu wote mkoani tulishangilia lile daraja, hata mimi. Yeye alishangilia na hesabu ikamwendea kombo siku hiyohiyo. Sa mtu kama huyo unamwandikia "anapenda kusoma na kusali"?

Kitu kingine, andika Kiswahili. Najua masomo mnafundisha kwa Kiingereza na mkuu atataka kijitabu kionekane cha kisomi, ila atakayekihifadhi kwenye sanduku ni bibi yake mtoto, na bibi atataka asome mwenyewe asiombe mtu.

Na ukurasa wa mbele, badala ya nukuu za viongozi, kuna jambo moja la hawa wa mwaka huu wa 2026 ambalo ningeliweka hapo. Aliyeanza darasa la kwanza Januari 2016 akaenda bila kurudia, darasa la saba kamaliza 2022, kidato cha kwanza 2023, na sasa anaaga. Na elimu bila ada ilianza Januari hiyohiyo ya 2016. Yani hawa ndo wa kwanza kusoma kutoka la kwanza mpaka kidato cha nne wakiwa ndani ya mpango huo mwanzo mwisho. Michango mingine sizungumzii, tutagombana.

SWALI: Habari ya kazi dada, mimi mama wa Sengerema. Mwaka jana shule ya binti yangu mkubwa walitoa hicho kijitabu na kikasomwa mbele ya mgeni rasmi, kwake waliandika anatoka familia duni na mama yake anahangaika kuuza dagaa. Watu waligeuka kuniangalia na nilikuwa nimevaa kitenge changu kipya. Mwanangu alilia hakula hata keki. Mwaka huu anamaliza mdogo wake, nina haki ya kukataa? — Mama wawili

JIBU: Pole sana mama. Haki unayo, tena kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maisha ya mtoto wako na picha yake siyo mali ya kamati ya mahafali. Nenda sasa hivi, usisubiri kadi ya mwaliko, ukaonane na mkuu wa shule, mwambie unaomba kusoma alichoandikiwa mwanao kabla hakijaenda steshenari, na uache karatasi yenye sahihi yako, maneno ya mdomo yanapotea.

Wanachofanya tunakijua. Mgeni rasmi akisikia duni duni mkono unaingia mfukoni, ndo mchezo wenyewe, watoto wanageuzwa kuwa risala ya kuomba mabati. Mabati waombe kwenye risala, kuna kipengele chake cha changamoto, na waseme jengo lina shida, wasiseme mama fulani ana shida.

Ila mama, dagaa usiwafiche. Mtu angeandika kwamba binti anajua kuwatazama dagaa waliomwagwa kwenye turubai akajua wameanikwa mchangani au kwenye chanja kabla hajawaonja, wewe ungekaa pale na kitenge chako na ungewaangalia wao. Tatizo siyo dagaa, ni hilo neno duni, na "anahangaika". Unahangaika wapi, unauza.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 20, naishi Magu, nilikatisha kidato cha pili nikajifungua alafu nikarudi, sasa namaliza. Mwalimu wa malezi anataka kuandika habari yangu kwenye kijitabu kama mfano wa kuigwa. Ananipenda na mimi nampenda ila sitaki, na naogopa ataniona sina shukrani. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie hivi hivi ulivyoniandikia mimi, "nakushukuru ila sitaki". Kurudi shule hukupewa kama zawadi na mtu, serikali iliruhusu Novemba 2021 kwamba waliokatisha kwa ujauzito warudi kwenye mfumo rasmi, na wewe ukarudi. Hulipi deni kwa kusimuliwa. Tena na mwanao naye ana siku yake ya kusoma hicho kijitabu, anaweza asipende kujikuta humo kama somo.

Na kama mwalimu atabaki ukurasa mtupu mpe kitu kingine. Ulipenda somo gani? Nani alikuwa anakuwekea kiti? Hujaniandikia hayo ila nina hakika unayo.

SWALI: Oya dada, moko, ule mtihani wa majaribio, nimepata ziro, wananiambia niandike malengo. Niandike nini? Mi kitu najua ni mashine za boti tu, hata mwalimu wa fizikia ananiitaga. — Wa Igombe

JIBU: We kijana, salamu kwanza! Sawa. Moko siyo Nekta, na wasifu hauna matokeo ndani yake, kwa hiyo andika hilo hilo la mashine, kwamba mwalimu wa fizikia anakuita. Hilo ndo la maana kwenye meseji yako nzima na umelitupia mwishoni kama takataka. Alafu weka simu chini, ukipata hata divisheni foo una milango, VETA wa mafunzo ya ufundi wapo, na hapo Nyegezi kuna chuo cha uvuvi, kaulize mwenyewe wanataka ufaulu gani mwaka huu usisikilize ya vijiweni. Fizikia yenyewe muombe huyohuyo mwalimu akurudishie fadhila, jioni saa moja tu kila siku mpaka Novemba.

SWALI: Kamati yetu imeambiwa kijitabu cha rangi kila mzazi achange, wazazi wamechachamaa. Kuna njia ya bei nafuu? — Katibu, Misungwi

JIBU: Nyeusi na nyeupe, karatasi za A4 zikunjwe katikati, pini mbili za stepla. Picha pigeni kwa simu asubuhi nje ya darasa, jua likiwa pembeni siyo utosini, maana saa sita watoto wetu weusi wanatoka macho na meno tu na kwenye kopi inakuwa balaa zaidi. Rangi wekeni ganda la juu peke yake. Mtoto asiye na mchango apate kijitabu kama wenzake, na jina lake lisisomwe kwenye orodha yoyote. Na nakala moja iwekwe kabatini ofisini, kwenye karatasi, siyo kwenye flashi ya mwalimu wa kompyuta, maana akihamishwa inahama naye.