Maswali ya Wasomaji: Kuogelea kwa Kupokezana

SWALI: Katika fainali ya kupokezana ya 4x100 mtindo huru, Beijing 2008, Jason Lezak wa Marekani alimaliza zamu yake kwa sekunde 46.06. Mbona hakuandikiwa rekodi ya dunia ya mita 100? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa sababu hakuondoka kwa mlio. Anayefungua mbio huusubiri akiwa ametulia tuli. Wanaofuata humwona mwenzao akija, wakaanza kuzungusha mikono na kuegemea mbele mapema. Sharti ni miguu isiachie jukwaa kabla ukuta haujaguswa. Hapo huokolewa nusu sekunde au zaidi. Ndiyo maana zamu ya kwanza pekee hutambuliwa kwa rekodi ya mtu mmoja. Siku hiyo rekodi ilikwenda kwa Eamon Sullivan wa Australia, 47.24.

Ila tusimpunje Lezak. Alain Bernard wa Ufaransa naye aliruka vivyo hivyo, akapata 46.73. Lezak aliingia majini akiwa nyuma kwa sekunde 0.59, na kwenye mgeuko pengo likafika 0.82. Bernard alimaliza nguvu mapema, tena akaogelea karibu mno na kamba iliyowatenganisha. Lezak akajibana upande wa pili wa kamba hiyo na kubebwa na wimbi lake. Mita 50 za mwisho: Lezak 24.56, Bernard 25.46. Marekani ikashinda kwa 3:08.24 dhidi ya 3:08.32.

SWALI: Timu ya klabu yetu huondolewa kila mara kwa kuruka mapema. Tufanyeje? (Kocha, Mombasa)

JIBU: Mara nyingi kosa ni la anayekuja: anapunguza kasi au anateleza bila kupiga mkono, ilhali wa jukwaani amekwisha kujirusha. Anayekuja asivute pumzi kwenye mikono miwili ya mwisho, na aguse ukuta mkono ukiwa umenyooka. Wa jukwaani anyooshe mikono na kukifuata kichwa cha mwenzake. Kikipita alama ya T iliyochorwa chini ya bwawa karibu na ukuta, aanze kuzungusha. Fanyeni zoezi hili kwa kasi ya mashindano, mita 15 za mwisho, na wawili wale wale kila siku. Mkizoea kwa mwendo wa pole, siku ya mbio hesabu yote itakuwa ya uongo. Kwa klabu, pengo la sekunde 0.2 kati ya ukuta kuguswa na miguu kuachia jukwaa linatosha, msilazimishe sifuri.

SWALI: Aliyeogelea mchujo tu hupewa medali? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndiyo, timu yake ikishinda medali fainali. Lezak alipata hivyo fedha ya London 2012, akiwa na miaka 36.