Uliza swali zima, kisha usiondoke

Wadogo zangu mnaoanza kazi za kompyuta hapa Mwanza, mkikwama mtaambiwa mwingie IRC, mfumo wa kuchati kwa maandishi, mkaulize. Ingieni. Ni ya zamani, Jarkko Oikarinen aliitengeneza mwaka 1988 kule Oulu, Finland, lakini mafundi wa programu huria bado wanakutana humo, na kwa kuwa ni maandishi matupu haili bando.

Kinachowakwamisha wengi ni salamu. Tumelelewa kujuliana hali kabla ya kutaja shida, na ni desturi nzuri. Ila kwenye chaneli, yaani chumba cha maongezi cha IRC, ukiandika "Habari zenu, kuna mtu?" ukangoja kuitikiwa, utangoja sana. Majina yamejaa pembeni, lakini kila mtu yuko kazini kwake, anachungulia mara mojamoja, na akikuta salamu peke yake anapita. Salamu na shida ziende pamoja, kama huyu ambaye nginx na apache2, programu mbili za kuhudumia tovuti, zinamgombania poti moja kwenye Debian, mfumo wa Linux:

"Habari zenu. Natumia Debian 12. nginx inagoma kuwaka, inasema poti 80 inatumika tayari. Nimeangalia kwa ss -tlnp, nimeona apache2 ndiyo imeishika. Niizime, au naweza kuziacha zote mbili?"

Mtu akisoma hivyo hana cha kukuuliza kwanza, anajibu tu. Chaneli nyingi zinatumia Kiingereza; hata cha kuombea maji kinatosha, mradi maelezo yamekamilika. Maneno ya kosa yanakili kama yalivyo, usiyatafsiri. Ujumbe mmoja wa IRC hauzidi baiti 512, kwa hiyo logi ndefu (kumbukumbu ya programu inayoonyesha makosa) iweke kwenye ukurasa wa kubandikia maandishi, kisha utume kiungo.

Ukishauliza, baki. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mtandao wetu. Kwa kawaida seva za IRC hazikutunzii ujumbe: jibu likija ukiwa umekatika, limekupita. Na kukatika hakuonekani papo hapo. Seva hutuma PING, ujumbe mfupi wa kukupima kama bado upo, na kusubiri jibu la PONG kutoka kwenye programu yako. Kabla haijakata tamaa, wenzako bado wanaliona jina lako na wanakujibu, kumbe wewe uko kwenye boti ya Ukerewe na mtandao umepotea. Mwenye uwezo aweke baunsa, programu inayokaa kwenye seva muda wote na kukutunzia maneno hadi urudi.

Saa nazo zina maana. Saa 3 asubuhi hapa Mwanza, New York ni usiku wa manane. Mimi maswali magumu nayapeleka saa 2 usiku: Ulaya wametoka kazini, Marekani ni mchana.

Jambo la mwisho ni paswadi. Amri ya kujitambulisha kwa NickServ, huduma ya IRC inayolinda jina lako, hubeba paswadi yako na huanza na mkwaju (/), na ukiweka nafasi mbele yake, programu nyingi zinaichukua kama maneno ya kawaida na kuimwaga chaneli nzima. Jitambulishe ukiwa kwenye dirisha la seva, kabla hujaingia chaneli yoyote. Paswadi ikishamwagika haifutiki, na chaneli nyingine zina kumbukumbu zinazosomwa na yeyote, kwa hiyo ibadilishe dakika hiyohiyo.