Nguo ya miaka 400: hufuliwa au huoshwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala kuhusu karakana ya kuhifadhi nguo za kale. Niliandika kwamba nguo "zilifuliwa" kwanza, mhariri wangu akakata na kuweka "zilioshwa". Mimi najua vyombo huoshwa, nguo hufuliwa. Tena kaniuliza kwa nini nimesema "zikatiwa viraka". Nani kakosea? – Mfasiri, Tanga

Jibu: Marahaba. Kanuni yako ni sahihi, na mtu akiniambia "naosha shati" nitajua Kiswahili amekipata ukubwani. Hata hivyo, safari hii niko upande wa mhariri.

Kufua ndani yake mna kipigo. Mhunzi hufua chuma. Nazi hufuliwa kwenye kifuo. Hata umeme unafuliwa, ingawa hapo wanaopiga ni maji, si mkono. (Ya kijana anayesema "nimefulia" tuyaache, huyo kapigwa na maisha.) Nguo nayo iliingia katika kitenzi hiki kwa kupigwa juu ya jiwe mtoni, na mpaka leo anayefua kwenye beseni husugua, hufikicha na kukamua.

Sasa tazama kazi unayoitafsiri. Makala uliyonitumia inahusu vitambaa 13 vya kufumwa vyenye kisa cha Gideoni wa Biblia, vinavyoning'inia katika jumba la Hardwick, Uingereza. Kimo chake ni karibu mita 6, na vyote vikipangwa pamoja urefu unapita mita 70. Kazi ya kuvihifadhi ilichukua miaka 24, ikaisha mwaka 2023. Kuviosha kulifanyika Ubelgiji, katika karakana ya De Wit, mjini Mechelen. Pale kitambaa hulazwa juu ya meza pana, maji yenye sabuni laini hunyunyizwa kama ukungu, na hewa inayovutwa kutoka chini huyapitisha katika nyuzi yakaondoka na uchafu. Hakuna anayesugua wala kukamua. Hariri ya umri huo ukiikamua unabaki na vumbi mkononi. Ukiandika "zilifuliwa", msomaji wa Kiswahili ataona povu na ngumi. Kuosha ndiko kunakobeba upole huo: ni kitenzi tunachokitumia hata kwa maiti, na ndiyo maana tukasema mwosha huoshwa.

Kuhusu viraka, hapo umeteleza kweli. Kiraka hubandikwa juu, kikafunika. Mafundi hawa huweka kitani nyuma ya sehemu iliyochakaa, kisha wakaishikiza kwa mishono midogo midogo. Mshindio (nyuzi za kukingama) ukiwa umelika, mitande (nyuzi za urefu) iliyobaki wazi hulazwa juu ya kitani hicho na kushonewa hapo, isiendelee kukatika. Andika basi "zikashikizwa juu ya kitani".

Lakini neno kiraka usilitupe, utalihitaji ukurasa wa pili. Bess wa Hardwick, bibi tajiri aliyelijenga jumba hilo, alivinunua vitambaa hivi mwaka 1592 kutoka kwa warithi wa Christopher Hatton, aliyekuwa waziri wa Malkia Elizabeth I, vikiwa na nembo ya Hatton. Bibi huyo hakusumbuka kufumisha vingine: aliifunika nembo ile kwa vitambaa vilivyochorwa nembo yake mwenyewe. Hicho ndicho kiraka, na sijui kama kuna mfano bora zaidi wa kukufundishia neno hilo.

Naona pia umeviita "mazulia ya ukutani". Zulia kwetu hutandikwa, hukaliwa, huswaliwa juu yake. Vitaje mara ya kwanza kuwa ni "vitambaa vya kufumwa vya ukutani", halafu endelea na "vitambaa" tu, msomaji hatapotea. Na pale ulipoandika "kukarabati", weka "kuhifadhi". Hukarabatiwa nyumba na mashua, virudi kazini. Vitambaa hivi havirudi kazini popote. Vinazuiwa tu visizidi kuoza.