Mwizi ashaiba, nibadili kitasa cha nini?
Pole sana mkuu. Unasema ashabeba tivii na mtungi wa gesi so hana cha kurudia. Anarudi ndugu yangu! Kule Kirkholt, mtaa wa Rochdale Uingereza, miaka ya 1980 watafiti wa uhalifu waliona nyumba ilioibiwa ndo ilikuwa kwenye hatari zaidi ya kuibiwa tena, mwizi keshajua mlango dhaifu uko wapi na anajua utanunua vitu vipya. Wakaondoa mita za sarafu, zile za umeme na gesi unazolipia kwa kutumbukiza sarafu na hela inabaki humo ndani, maana ndo zilikuwa zinawavutia wezi, wakaimarisha vitasa, majirani wachache wachache wakawa wanaangaliana, wizi ukashuka sana. Kwahiyo usisubiri mshahara, kopa hata kidogo fundi aje leo, na jirani wa nyuma mpe namba yako.